Mama Yangu Hayumo Katika Ramani Namba Saba

Duka la Fundi wa Sare,
Nyuma ya shule ya msingi,
Mlango wa bluu.

Kwa Ndugu Msanifu Majengo,
Ofisi ya Ramani Zilizo Tayari,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.

YAHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA NYUMBA AMBAYO BADO HAIJAJENGWA

Ndugu Msanifu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote walio chini yako, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyetupokea kwa heshima na kutupa viti. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yangu, ambaye kiafya hajambo lakini amekuwa mgeni. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Naomba nijitambulishe, maana siku tulipofika ofisini ulikuwa umetoka. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na kwa kazi hiyo nawatunza mke, watoto watatu na mama yangu mzazi, sote katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na uvumilivu mwingi. Baada ya kujinyima kwa muda mrefu tukapata kiwanja. Mke wangu akasema kabla ya kumwita mwashi lazima tuwe na ramani, kwa sababu kaka yake alijenga bila ramani na mpaka leo anaingia chumbani kwake kupitia jikoni. Ndipo tukapanda ngazi zenu.

Dada wa mapokezi alituwekea mezani ile albamu kubwa ya ramani zilizokwisha kuchorwa. Tuliifungua ukurasa kwa ukurasa kama watu wanaochagua kitambaa cha harusi. Namba Moja ilikuwa na ngazi za kuzunguka. Namba Tatu ilikuwa na bwawa, na sisi maji yenyewe tunanunua kwa ndoo. Namba Saba ndiyo iliyotukamata: ukuta mweupe, paa jekundu, nyasi zimekatwa, na mbele ya nyumba watu wanatabasamu. Nikasema hii hii. Mke wangu akasema hii hii. Ni mara chache sana tunasema kitu kimoja kwa wakati mmoja, nikaona ni dalili.

Kwa haki niseme kwamba dada alitueleza. Alisema mchoro ule ni wa awali tu, ni wazo la kuanzia, na kwamba anayeuchukua hukaa na msanifu akaulizwa anaishi na nani, kiwanja chake kimelalaje, jua linatokea upande gani, kisha ramani ikarekebishwa ndipo ujenzi ukaanza. Alisema huduma hiyo imo humo humo katika bei. Nilimshukuru, nikamwambia hatuna haja ya kuwasumbua, kwa kuwa wazo likishapakwa rangi si wazo tena. Pia nilikuwa nimeacha suruali kwenye mashine. Dada akatuonyesha kwamba hata pembeni mwa karatasi pameandikwa: mchoro wa awali, urekebishwe kulingana na kiwanja na familia. Herufi hizo ni ndogo mno, Ndugu Msanifu. Onyo lenye uzito huo lilistahili ukubwa wa paa.

Mwashi wetu anaitwa Pimamaji, kwa sababu haamini kitu chochote mpaka akiwekee kile kifaa chake chenye povu ndani ya kioo. Alikuja kiwanjani na vigingi, kamba na mfuko wa chokaa, akaichora nyumba yote chini kwa ukubwa wake halisi. Hapo nyumba inakuwa kama kitambaa kilichokwisha kupigwa chaki kabla ya mkasi: unaona kila kitu na huna kitu. Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni tunakwenda kiwanjani na kuishi katika nyumba yetu. Tunapita mlangoni, haturuki kamba. Mtoto wetu mdogo aliwahi kuruka ukuta wa sebule, akarudishwa nje aingie kama mtu mwenye adabu.

Yaliyotokea baada ya hapo nayaorodhesha kwa utaratibu.

1. Watu waliochorwa. Mbele ya Namba Saba wamesimama mwanamume mwenye mkoba, mwanamke mwenye gauni la njano, mtoto mmoja mwenye mpira, na mbwa. Nilipoibandika picha hiyo ukutani nyumbani, mke wangu aliitazama siku nzima, halafu akaniuliza yule mwanamke ni nani. Nikamwambia amewekwa kuonyesha urefu wa mlango. Akauliza kwa nini urefu wa mlango uonyeshwe na mwanamke mwembamba. Nadhani swali hilo ni lenu. Watoto nao wakagombania yule mtoto mmoja. Mkubwa alisema ni yeye kwa kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa. Mdogo alisema ni yeye kwa kuwa mpira ni wake. Wa kati, binti mwenye akili za kututia wasiwasi, akasema kama nyumba ina nafasi ya mtoto mmoja basi aambiwe mapema ili aanze kutafuta pa kwenda. Ilituchukua juma zima kumtuliza.

2. Gari. Ramani ina chumba kilichoandikwa "Banda la gari", na ndani yake gari limechorwa, limeegeshwa vizuri, magurudumu yamenyooka. Mimi nina baiskeli, nayo ina pancha. Nilimwambia Pimamaji apunguze hapo, akajibu kwamba yeye hujenga kilichochorwa, na kilichochorwa ni gari. Mke wangu alisimama katikati ya banda hilo, akanyoosha mikono yote miwili na bado hakugusa kamba, akasema kumbe watoto wake watalala watatu chumba kimoja ili gari lisilokuwepo lilale peke yake. Nilimwambia gari litakuja. Aliniangalia kwa namna ambayo wewe, kama umeoa, unaifahamu.

3. Dirisha la jiko. Kwenye picha linatazama maua. Kwenye kiwanja chetu linatazama choo cha jirani. Jirani ni mtu mwema, na amekwisha kutupungia mkono kutoka huko.

4. Chumba cha mgeni. Hapa nakuomba usome polepole.

Jumapili moja mama yangu alikuja kiwanjani kwa mara ya kwanza. Siku zote alikuwa akibaki nyumbani kwa sababu ya goti, na kwa sababu ya sufuria iliyo motoni. Mtu mmoja lazima abaki na sufuria, na kwetu mtu huyo huwa ni yeye. Binti wa kati alishika ramani kwa mikono miwili kama mkaguzi wa shule, akamtembeza bibi yake chumba kwa chumba huku akisoma kwa sauti. Sebule. Jiko. Stoo. Chumba cha baba na mama. Chumba cha watoto. Banda la gari. Chumba cha mgeni. Mama alivisifia vyote, hata banda. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na yeye yuko wapi.

Binti aliangalia karatasi. Akaigeuza, akaangalia nyuma. Akaipindua juu chini. Halafu, kwa kuwa tumemfundisha kusema kweli, akasema, "Bibi, wewe humo. Hujaandikwa."

Mama akasema, "Haya." Neno hilo moja tu. Akatoka kwa kupitia mlangoni, taratibu, mkono mmoja kwenye goti, akaenda kusimama barabarani kutusubiri. Mimi niliona yote, Ndugu Msanifu, nikajifanya napima kona ya stoo. Niliumia, na sikujua pa kuiweka mikono yangu.

Nakuomba ulitazame jambo hili kama mtu wa nje. Gari ambalo hatuna lina chumba chenye jina lake. Mbwa ambaye hatumfugi amechorwa mpaka mkia. Mama yangu, ambaye tunaye, aliyenibeba mgongoni na ambaye hadi leo ndiye anayekata nyuzi na kushona vifungo vya sare zangu zote, hana hata nukta, na chumba pekee kilichobaki wazi kimeandikwa mgeni. Kama ni kusahau, kusahau huko kumepigwa mistari kwa rula.

5. Mwenendo wa mama tangu siku hiyo. Mama hakugomba. Laiti angegomba. Badala yake ameanza kuishi kama mgeni, na kazi hiyo anaifanya kwa ukamilifu. Asubuhi akitoka uani hupiga hodi kwenye mlango wetu wenyewe, na hasogei mpaka aambiwe karibu. Akiambiwa karibu hukaa kwenye kiti kilicho jirani na mlango, nusu ya kiti, mikono mapajani. Tukinywa chai hutushukuru kwa ukarimu wetu, na chai kaipika yeye. Huuliza kama anaweza kutumia maji kidogo. Vifungo ambavyo zamani alikuwa akivinyakua mezani bila kuniuliza, sasa huniambia kwamba kama sitaona vibaya, angependa kunisaidia vichache ili asikae bure.

Juzi alimsifia mke wangu kwa kujaliwa watoto wazuri, akauliza wanaitwa nani. Mdogo, ambaye hujibu swali lolote analoulizwa, akamtajia jina lake, la baba yake na la shule yake. Mama akasema ni jina zuri. Jina hilo yeye ndiye aliyempa.

Mbaya kuliko yote, ameacha kunifokea. Zamani nikikanyaga mkeka na viatu nilipata haki yangu palepale, mbele ya wateja. Sasa naweza kutembea na viatu nyumba nzima. Nimejaribu. Alitazama pembeni, kama mtu asiyetaka kuingilia mambo ya watu, na mkeka ukachafuka bila mtetezi.

6. Juhudi zetu. Usidhani tulikaa tu tukikulaumu. Kwanza nilichukua kalamu nikakata neno "mgeni" kwenye ramani, nikaandika juu yake "mama". Binti akamsomea. Mama akaomba aonyeshwe, akayatazama maandishi, akasema huu ni mwandiko wako, ule mwingine ni wa mashine. Pimamaji naye alikataa. Alisema hajengi juu ya mfuto, maana leo nimefuta mgeni nikaandika mama, kesho nitafuta mama niandike mjomba, na saruji yake ikishakauka haina kifutio.

Ndipo nikaitisha kikao. Nilimwita Pimamaji, nikamwita mke wangu, watoto wakaruhusiwa kuongea, na jirani wa choo akaalikwa kwa kuwa mpaka wake unahusika. Nilimpa kila mtu nafasi, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa katika familia inayosikilizana. Swali lilikuwa moja: mama alale wapi. Pimamaji alipendekeza apewe banda la gari, kwa kuwa lina hewa. Mke wangu akamuuliza kama mama yake yeye huwekwa oili. Mkubwa alisema bibi alale chumba cha watoto, ila katika hali hiyo yeye atalazimika kuhamia sebuleni, karibu na redio. Mdogo alisema kwa kuwa mbwa hatuna, bibi apewe nafasi ya mbwa, na alisema kwa mapenzi kabisa. Binti wa kati alipendekeza mimi na mke wangu tuhame. Jirani alisema yeye hana neno, ila dirisha la jiko liwekewe pazia. Mama alituletea chai mara mbili wakati wa kikao, na mara zote mbili alipiga hodi kabla ya kuingia na trei. Hatukuafikiana.

Baada ya hapo nilifikiri kwa kina na nikaona kwamba tatizo si chumba, tatizo ni wageni. Pasingekuwa na wageni usingeandika chumba chao, na kama usingekiandika, mama asingekikuta. Nikaanza na walio karibu. Nilimtumia shemeji yangu ujumbe kwamba ziara zake zimesitishwa mpaka atakapopata taarifa nyingine, kwa sababu za kiujenzi. Dada yangu akanipigia simu kuniuliza mume wake amekosa nini. Nikamweleza habari za ramani tangu mwanzo. Akaniuliza kama nakunywa maji ya kutosha. Mama aliposikia hayo alisikitika sana. Alisema si vizuri kumfukuza shemeji wa watu kwa ajili ya mtu anayepita tu.

7. Nyasi. Nitazieleza nikipata nafasi.

8. Jumamosi. Mama ameomba ruhusa ya kuondoka. Ndivyo alivyosema, ruhusa. Anasema amekaa vya kutosha, tumemtunza vizuri, wala hana kinyongo na mtu. Anataka kurudi kwenye nyumba yake ya zamani, ambayo paa lake limeinama upande mmoja na ambayo haina mtu wa kumpa maji goti likikaza. Begi lake limefungwa, liko nyuma ya mlango. Ameniomba nimsindikize mpaka kituo cha basi tu, nisijisumbue zaidi ya hapo, kwa kuwa anajua nina kazi.

Ndugu Msanifu, mimi ni mtu mzima mwenye duka. Lakini jana nilipopita pale mlangoni nikaliona lile begi, nilirudi kwenye mashine nikashona mguu wa suruali ukafungika juu na chini. Sitaki mama yangu aondoke. Nyumba hii nilianza kuiota nikiwa mtoto, nalala sakafuni miguuni pake, na katika ndoto hiyo yeye alikuwemo, amekaa, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa anaangalia sufuria. Ramani yako ndiyo iliyomtoa. Kwa hiyo ni haki ramani yako imrudishe.

Kutokana na maelezo hayo, naomba na wakati huohuo nadai yafuatayo:

(a) Ofisi yako ifute neno mgeni na kuandika mama, kwa mashine, kwa herufi kubwa kidogo kuliko zile za banda la gari, na kugonga muhuri.

(b) Katika picha ya rangi, mwanamume mwenye mkoba aondolewe. Mimi sina mkoba, na hakuna atakayemtafuta. Mahali pake achorwe mama yangu, amekaa, uso wake ukielekea barabarani, asiwe ameshika kitu chochote cha kazi. Ili mchoro uwe sahihi naambatanisha vipimo vyake. Alikataa kupimwa, akasema haoni sababu ya kutusumbua, kwa hiyo nilipima gauni lake likiwa kwenye kamba. Lilikuwa limelowa, tafadhali punguza kidogo. Kuhusu mwanamke wa gauni la njano, mke wangu anaomba anenepeshwe.

(c) Iwapo kazi hiyo haitakuwa tayari kabla ya Jumamosi, basi wewe mwenyewe ufike nyumbani kwetu asubuhi, kabla ya basi, upige hodi, umwambie mama kwa kinywa chako kwamba yeye si mgeni. Nimelifikiria jambo hili na naona lina faida ya ziada. Ukifika, mgeni utakuwa wewe. Mama akikuona itabidi akukaribishe, na akishakukaribisha atakuwa mwenyeji, na huenda mambo yakaisha hapohapo bila gharama za uchoraji. Utakaa kwenye kiti kilicho jirani na mlango. Ukipewa chai usikatae.

(d) Kama huwezi kufika, basi lete wale wa kwenye picha. Mwanamume, mwanamke, mtoto, mpira, mbwa na gari wahamie Namba Saba wakaishi humo kama walivyochorwa, maana nyumba ni ya saizi yao na inaonekana wanaifurahia. Nitawashonea mapazia bila malipo. Sisi tutabaki katika vyumba vyetu viwili, ambamo hakuna chumba chenye jina la mtu na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kukosa lake.

(e) Kuanzia sasa ofisi yako isitoe ramani yoyote kabla ya watu kuhamia. Najua jambo hili lina ugumu kitaalamu. Lakini familia ikikaa kwanza mahali peupe kwa muda, bila ukuta, itaonekana wazi nani hulala upande gani, nani huamka mapema, nani huongea usingizini na asikike na nani. Kisha msanifu atakuja na chokaa azungushe mstari pale kila mtu alipo, wakiwa wamelala, na asubuhi Pimamaji aanze. Katika kazi yangu mimi sijawahi kukata kitambaa kabla ya kumpima mwenye nguo. (Sare ni jambo tofauti. Sare nashona saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na mzazi akilalamika namwambia mtoto atakua.)

Naamini utalipa suala hili uzito unaostahili. Niko tayari kuitwa ofisini siku yoyote isipokuwa Jumatatu, siku ambayo wazazi huja kubadilisha kaptula. Nitafuatana na Pimamaji kama shahidi, na yeye atakuja na kifaa chake, kwa hiyo meza zenu ziwe zimenyooka.

Nawasalimu wote hapo ofisini. Msalimie dada wa mapokezi, umwambie viti vilikuwa vizuri. Wasalimie pia wenye duka la rangi hapo chini. Mke wangu anakusalimu kwa masharti. Watoto wanakusalimu, na wa kati anauliza kama kazi ya kuchora ramani inahitaji hesabu nyingi.

Ni mimi mteja wako, ninayekuheshimu na kukulalamikia,

Fundi wa Sare

Nakala kwa: Mke wangu. Pimamaji. Jirani (kwa habari za pazia).

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa binti wa kati aipitie makosa ya herufi, naye akaisoma kwa sauti, uani, bibi yake akiwa amekaa hapohapo anakata nyuzi. Mama aliisikiliza yote mpaka mwisho. Kwenye gauni lililolowa alicheka. Halafu aliniita, akaweka mkasi chini, akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Huyo kijana wa watu unamwonea bure. Hajawahi kutia mguu hapa, na hilo neno mgeni aliloandika ni kweli. Umemuuliza mwashi mama alale wapi. Umemuuliza mkeo, ukawauliza watoto, ukamuuliza mpaka jirani. Mimi nilikuwa nawaletea chai. Nani kaniuliza mimi?"

Nilisimama pale na tepu shingoni. Basi nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza. Mama, wewe unataka kulala wapi?

Amesema kile kile cha mgeni. Alikuwa amekichagua tangu siku ile ya kwanza, kabla binti hajafika kwenye maandishi, kwa sababu kina dirisha upande wa mawio na jua la asubuhi linalifaa goti lake. Kuhusu neno lililoandikwa, amesema herufi hazijengwi. Begi amelifungua mwenyewe na kutoa miwani yake.

Kwa hiyo, Ndugu Msanifu, naomba ramani isibadilishwe hata mstari mmoja. Malalamiko yote ya hapo juu tafadhali yaelekeze kwa mhusika, ambaye ni mimi. Nimekwisha kuyapokea, na ninayashughulikia.